Mpeleka Maneno

Nilipohamia Tegeta, chakula cha kwanza nilicholetewa na mama mwenye nyumba nilikimwaga. Ulikuwa wali wa nazi na mchuzi wa kolekole, umefunikwa sahani juu usipoe. Nilimshukuru mlangoni, nikangoja mpaka kandambili zake zilipovuka ua kuelekea nyumba kubwa, kisha nikaenda kumwaga chote kwenye shimo la taka. Njaa nilikuwa nayo. Lakini nilijiuliza, huyu mama hanijui, si ndugu yangu, sijamfanyia jema lolote, sasa anataka nini?

Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ya Buguruni. Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya magari, mtu wa msikitini, mpole wa sauti, majirani wote wakimsifu. Hakunipiga hata siku moja. Ila alikuwa anajua mambo. Nikikutana na kaka yangu sokoni, tukasimama tukaongea, jioni mume wangu atakula taratibu, atanawa, halafu ataniuliza kama kaka hajambo. Nikicheka na fundi cherehani wa mtaani, kesho yake ataniambia kwamba yule fundi ana mke. Siku niliyowaza kutafuta kazi, kabla sijamwambia, alianza mwenyewe kunisimulia habari za wanawake waliovunja nyumba zao kwa sababu ya kazi. Nikamuuliza amejuaje.

"Moyo wa mume una macho," alisema, akatabasamu.

Nikaanza kushuku kwamba kuna mtu anampelekea maneno. Nilimshuku mama wa genge, nikamshuku wifi yangu, nikamshuku hata mzee aliyekuwa akiuza kahawa pale njiapanda. Nilipomwambia mume wangu, hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akasema naumwa, akamleta shehe anisomee. Nilikaa mkekani nimefunikwa shuka jeupe, ubani unafuka, na yeye kasimama mlangoni kafumbata mikono, uso umejaa masikitiko. Mama yangu alikuwepo. Baada ya kisomo mama akanivuta pembeni, akaniambia nishike sala, niache mawazo, mume kama yule hapatikani kirahisi.

Mwisho nikaamini kwamba kweli naumwa. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Naona kitu kwa macho yangu, halafu nayakanusha macho yangu.

Mtu mmoja tu nilimweleza hali yangu, naye ni shoga yangu tuliyekua pamoja. Alikuwa msusi, ana saluni ndogo hapo hapo Buguruni. Nikienda kusuka nilikaa kwenye kigoda, kichwa changu kikiwa mikononi mwake, nikamwaga yote ya moyoni. Yeye aliitikia taratibu, "Pole, shoga yangu," huku anagawa nywele kwa kitana. Nikitoka pale nilihisi nimetua mzigo.

Nilidai talaka kwa jambo ambalo wengine waliliona dogo. Nilienda msibani kwa jirani, na kama ilivyo misiba yetu, baada ya maziko wanawake tulikaa jikoni tukapiga soga, tukacheka. Katikati ya kicheko niligeuka nyuma kuangalia nani ananiona. Hapakuwa na mtu. Lakini nilipofika nyumbani, kabla mume wangu hajaniuliza, nilimweleza mwenyewe: nilikaa na nani, tulicheka nini, nilirudi kwa njia ipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa kama mtoto.

"Sasa umeanza kupona," akaniambia.

Kama huko ndiko kupona, basi bora niumwe.

Wazee wakakaa, wakasema, wakanionya, wakachoka. Mume wangu akatoa talaka. Nikakaa eda kwa mama yangu, na karibu kila siku alinikumbusha kwamba mlango wa kurejea bado uko wazi. Eda ilipoisha nilipata kazi ya kushona mapazia Tegeta, maana kule watu wanahamia nyumba mpya kila uchao na kila dirisha linataka kufunikwa. Nikapanga chumba cha uani kwa yule mama. Simu za mama yangu nikaacha kupokea. Aliyejua nilipo alikuwa shoga yangu peke yake.

Nilidhani nimeondoka. Kumbe talaka alitoa, lakini kuniacha hakuniacha. Siku moja nikiwa kwenye cherehani, ujumbe uliingia kwa namba nisiyoijua: "Pazia la kijani limekipendeza chumba chako." Hapakuwa na jina, wala sikulihitaji. Nilisimamisha mguu kwenye pedali, nikakaa nikiutazama ule ujumbe mpaka mwenzangu wa mashine ya pili akaniuliza kama kuna msiba.

Pazia la kijani nilikuwa nimelitundika juzi yake, kwa kitambaa kilichobaki kazini. Mama mwenye nyumba aliliona, akalisifu. Na shoga yangu nilimwambia kwa simu.

Shuku yangu yote ilimwangukia mama mwenye nyumba. Alikuwa mtu mzima wa asili ya Kiarabu, mjane, ameshaoza watoto wake wote, na kwao ni watu wa maduka tangu enzi za babu yake. Nilikuwa nimeshasikia kwamba kaka zake wana duka la vyakula Buguruni. Buguruni! Siku zote alikuwa na swali mdomoni: nimekula, nimelala vizuri, naenda wapi leo, napenda samaki gani. Halafu jioni moja naanua nguo nikamsikia dirishani kwake akiongea na simu, sauti kaishusha.

"Yupo, hajambo," alisema. "Hatoki sana. Hapana, sijamwambia."

Niliingia chumbani nikaanza kukunja nguo zangu kwenye begi. Nimefika nusu nikasimama. Maisha yangu yote Buguruni nilikuwa nashuku kila mtu kwa pamoja, na mtu akishuku kila mtu hamkamati yeyote. Safari hii nilitaka kujua. Nikakaa kitandani, nikafikiria, nikapata njia.

Mama mwenye nyumba nilimwambia ukweli, kwamba Jumapili asubuhi nitashuka Kunduchi kununua samaki. Shoga yangu nilimpigia nikamwambia uongo. Nilimwambia nimechoka na upweke, kwamba Jumapili hiyo naenda Mbagala kwa shangazi yangu kumwomba aniombee radhi nirudi kwa mume wangu. Akasema nimefikiria vizuri, Mungu aniongoze. Nilipokata simu nilijisikia vibaya. Nilijiona nimemsingizia mtu aliyenisuka nywele toka usichana wetu. Ndani kabisa nilikuwa nimeshaamua kwamba mume wangu atatokea Kunduchi, na hapo kosa la mama mwenye nyumba litakuwa wazi.

Jumapili nilifika pwani mapema, nikajificha nyuma ya kibanda cha wakaanga samaki. Watu walikuwa wengi, ndoo zinapita vichwani, wauzaji wananadi. Kila mwanaume aliyevaa kanzu nilimtazama mara mbili. Jua likapanda. Mwanamke mmoja muuza samaki akachoka kuniona nimesimama.

"Dada, unataka samaki au unamtafuta mtu?" akaniuliza.

Nikasema nataka samaki. Akauliza yupi. Nilitazama ile meza, changu, kibua, taa, ngisi, na ikanijia kwamba kwa miaka yote ya ndoa nilinunua kibua tu, kwa kuwa ndiye aliyempenda mume wangu. Mimi mwenyewe napenda nini? Mama mwenye nyumba aliponiuliza swali hilo hilo nililiona mtego. Nikanyoosha kidole kwa ngisi. Sikujua hata kama nitawapenda. Nilijua tu kwamba nyumbani kwetu Buguruni hawakuingia.

Mume wangu hakutokea Kunduchi.

Nilikuwa nasafisha ngisi bombani uani, alasiri, shangazi aliponipigia. Alikuwa amechanganyikiwa kidogo. Alisema mtalaka wangu yuko kwake Mbagala toka adhuhuri, kaja na tikiti maji na kanzu mpya, kakaa sebuleni anangoja, na kila akimuuliza anangoja nini, anasema anangoja mke wake. Shangazi alitaka kujua kama tumepatana. Nilimwambia hapana, hatujapatana, amwondoe kwa adabu. Kisha nikakaa chini pale pale bombani, maji yanatiririka.

Sikulia. Ajabu ni kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Siumwi. Sijawahi kuumwa. Kulikuwa na mtu kweli anayenisema, kama nilivyosema. Uchungu ulikuja baadaye, nao ulikuwa mkubwa kuliko wa talaka, maana mume nilimkuta ukubwani, lakini shoga yangu nilikuwa naye tangu tunacheza kombolela.

Katikati ya wiki nilienda kwake kusuka kama kawaida. Nilitaka kuusikia mdomo wake. Alinipokea kwa furaha, akanikalisha kigodani, akaanza. Alipofika nusu ya kichwa nikamuuliza, bila kugeuka, kwa nini alimwambia mtalaka wangu kwamba naenda Mbagala.

Mikono yake ikasimama. Hakukana. Pengine uso wangu angeuona angekana, lakini alikuwa nyuma yangu.

"Aliniambia unaumwa," alisema. "Akasema nikimwambia unachowaza ndiyo nakusaidia, asije akakuta umejidhuru. Na mie nilivyokuwa nakusikiliza hapa, shoga yangu, niliona kweli unaumwa."

"Nilichokuwa nakwambia ni kwamba kuna mtu ananisema."

"Ndiyo."

"Na mtu mwenyewe ni wewe."

Alianza kulia, akasema alitaka tu nirudi nyumbani, akasema toka nimehama hana mtu wa kuongea naye. Ninaamini alisema kweli. Huenda hata alinipenda, kwa namna yake. Lakini nilikumbuka miaka ile yote ya kuambiwa naota, na yeye ana jibu mkononi pamoja na kitana. Niliinuka na kichwa changu kikiwa nusu kimesukwa, nikajifunga mtandio, nikamwambia asinitafute tena. Hakunifuata.

Nilipofika Tegeta, mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele. Mtandio ukanisaliti, akaona upande mmoja una misuko na mwingine nywele zimetimka. Nami nilikuwa nimechoka kukisia watu, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza moja kwa moja alikuwa akimwambia nani habari zangu kwenye simu.

Alipakata ungo wake, akashusha pumzi.

"Mama yako," alisema. "Anahemea dukani kwa kaka yangu, kaka akamtajia jina la mpangaji wangu mpya, akajua ni wewe. Akanitafuta kwa namba aliyopewa pale. Hataki ujue, anaona haya."

Kumbe nilikuwa sijakosea kabisa. Hata huku nilikuwa napelekewa maneno, ila yalikuwa yanaenda kwa mama yangu. Nilikasirika, na nilimwambia nimekasirika. Nilimwambia nimesemwa vya kutosha maishani, kwa ubaya na kwa wema, na sitaki mtu yeyote anisimulie tena nisipokuwepo. Nilitegemea atajitetea au anifukuze. Alikubali kwamba amefanya vibaya, akaniomba radhi, na simu ya mama ilipoita siku iliyofuata alivuka ua akanipa niipokee mwenyewe. Misuko iliyobaki alinifumulia yeye, pale barazani, bila kuniuliza imetoka wapi.

Sikuwa mtu mwingine tangu siku hiyo. Mpaka leo nashuku. Mwenzangu kazini akisifia nguo yangu, nawaza kwanza ametumwa na nani. Namba ngeni ikiita, naiacha iite. Mtalaka wangu alituma watu mara kadhaa, kisha nikasikia ameoa, na nilichowaza ni kama huyo bibi harusi ana msusi. Tofauti ni kwamba sasa nikishuku sijikanushi tena. Nauliza. Nasikiliza jibu, najisikiliza na mimi, halafu naamua. Wengine nimewaacha, wengine nimebaki nao. Na chakula cha mama mwenye nyumba nakula, ingawa pilipili anazidisha.

Mama yangu alikuja Tegeta mwezi wa mfungo ulipokwisha. Alikaa kitandani kwangu, akatazama kuta, akatazama cherehani niliyokuwa nimejinunulia. Tulikuwa tunamenya viazi pamoja alipoanza kusema, macho yake kayaweka kwenye kisu.

"Siku ile uliposema kuna mtu anakusema, ningekuuliza ni nani. Nikakwambia ushike sala."

Sikumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Nilimwambia tu kwamba nimemsikia. Tukaendelea kumenya. Jua lilipopungua ukali nilivaa viatu, nikamwambia natoka kidogo. Nikasimama mlangoni, kwa mazoea, nikingoja maswali. Mama alifungua mdomo, akaufunga.

"Haya," akasema, akachukua kiazi kingine.