Moshi wa Zizi Kando ya Singidani

Niliwasikia heroe kabla sijawaona. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Ziwa Singidani, na ndani yake mlitoka makelele kama ya kina mama wanaosengenyana sokoni kwa sauti ya chini. Nikanyoosha shingo. Mbu akatua sikioni, nikampiga kofi. Ukungu mzima ukainuka, ukawa mabawa ya rangi ya waridi.

"Umeua mmoja," alisema Mkuu wa Kituo bila kugeuka, "umetufukuzia ziwa zima."

"Samahani, mzee."

"Kawaombe wao. Mbu hapa hapigwi, anafutwa taratibu kama jasho."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuhesabu ndege. Nyinyi vijana mna dawa za kupaka za kila aina. Sisi tulivuta soksi juu ya suruali, tukachoma mavi makavu ya ng'ombe ndani ya kopo lililotobolewa. Kopo lilikaa upande unakotoka upepo, moshi upite miguuni mwetu ndani ya kificho, yaani kibanda cha matete chenye tundu la darubini. Wafugaji wa Kinyaturu hufukizia mifugo yao hivyo, na Mkuu aliamini ndege wa pale wamekua na harufu hiyo. Mwenzangu mmoja alikuja amejipaka mafuta ya kunukia, Mkuu akamtoa nje.

"Hawa wamezoea zizi," alimwambia. "Saluni hawaijui."

Baadaye nilihamishiwa Rungwa, chini ya Mkuu wa Kikosi, mama asiyecheka, aliyenifundisha kuhesabu kwa mafungu: unapima kundi dogo kwa jicho, kisha unalipanga juu ya kundi kubwa mpaka liishe. Mbu wa mabwawa ya kule hawakujali moshi. Homa zilinirudia mara kwa mara, na mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyenikanda kwa maji na kufua mashati yangu. Kificho hakukifikia kamwe, familia hazikuruhusiwa.

Sasa tunaishi Ihanja, ambako hakuna ziwa. Alfajiri zizi la jirani likifuka, moyo wangu unatangulia kwenye matete. Tangu nistaafu nimetaka kitu kimoja tu, kuwaona heroe tena. Lakini figo zangu zimechoka, na daktari amesema homa nyingine nisiitafute.

Mwezi huu, kabla jua halijatoka, gari la kituo lilisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee," alisema afisa kijana. "Heroe wametanda. Kuna nafasi moja."

"Marahaba!" Nikainuka.

Mama Neema alisimama kati yangu na viatu. "Daktari alisema nini, Baba Neema?"

"Daktari hajawahi kuwaona."

"Hata mimi."

Nikaketi tena.

"Miaka yote nimefua moshi wao, nimekanda homa zao," alisema huku akijifunga kitenge. "Nawajua kwa harufu tu, kama mke mwenza. Leo nataka nimwone uso."

Afisa akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Siku hizi familia zinaruhusiwa, mama," alisema.

"Wakiruka," nilimwambia mke wangu, "weka darubini chini. Tazama kwa macho yako."

"Nimesikia. Uji uko kwenye chupa."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake upesi, mbu wasiingie.