Mwambieni Anisubiri

Bibi yangu mzaa baba aliniita mume wake tangu nikiwa kwenye nepi, kama mabibi wa Kiunguja wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na mimi jina hilo nililifanya cheo. Mama akinigombeza nilikimbilia chumbani kwa bibi, naye alimwambia, "Mwache mume wangu. Wivu tu huo." Alikuja Jidda baada ya Mapinduzi, mtoto mgongoni, na mpaka leo pale nyumbani, mtaa wa Al-Mahjar, akipika huimba Kiswahili, akigombana hugombana kwa Kiarabu.

Besiboli niliipata Riyadh. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi katika makazi ya wageni, yale yenye ukuta mrefu na bustani ndani, na likizo za skuli alikuwa akinichukua. Watoto wa Kimarekani mle ndani walikuwa na timu, na siku moja walipungukiwa mtu. Mhandisi aliyekuwa akiwafundisha akanivika glavu ya mwanawe, akanisimamisha kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpira huja chini chini kwa kasi na ukizubaa unakung'oa meno. Mimi nilikuwa nimekulia mpira wa uchochoroni, kwenye lami yenye mashimo, ambako huwezi kujua mpira utarukia wapi. Uwanja wao wa nyasi niliuona kama zulia. Nilidaka kila kilichokuja.

Miaka ikapita, mhandisi yule akarudi kwao, na ndiye aliyenitafutia nafasi katika chuo kimoja cha Marekani. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kusomea uhandisi. Kweli nilikuwa nikisoma. Sikusema tu kwamba walionitaka kule ni watu wa mpira, maana baba angeuliza tangu lini mtu akavuka bahari kwenda kucheza.

Mwaka wa kwanza nilianzia benchi. Kabla mwezi haujaisha, mwenye nafasi yangu akateguka mguu, kocha akaninyooshea kidole, na sikutoka tena uwanjani. Wacha nijisifu kidogo: nilicheza vizuri mno. Mipira niliyoirukia ubavuni na kuirusha nikiwa bado nimepiga magoti, watu waliirudia kwenye simu zao. Makocha wa ligi wakanichagua mchezaji bora wa mwaka wa kwanza. Mtangazaji alikosea kutamka jina langu kila mechi, na jukwaa zima likalishangilia hivyo hivyo lilivyokosewa. Nilizipenda kelele zile kuliko nilivyopaswa.

Katikati ya hayo baba akapiga simu. Bibi alikuwa na presha ya macho.

"Daktari ataka amfanyie operesheni upesi, asema haya macho hayangoji," alisema. "Yeye hataki. Anasema hatiwi kisu mume wake hayupo. Sema naye."

Bibi akachukua simu. "Wewe ndo wa kunishika mkono. Hawa wengine wananitia kiwewe. Waja lini?"

"Mwezi wa tano, bibi, tukifunga tu."

"Basi n'nakungoja."

Siku ile sikuwa nimemdanganya. Chuo kilikuwa kikifunga mwezi wa tano, na visa yangu ya kurudi Saudia, ambako sisi twaishi kwa kibali tu, ilikuwa ikiisha mwanzoni mwa wa sita. Lakini tuliendelea kushinda, tukaingia hatua ya mtoano, na mwezi wa tano ukanikuta bado nipo kwenye nyasi.

"Ushakata tikiti?" baba akauliza.

"N'shakata, baba. Mwambieni anisubiri." Sikuwa nimekata.

"Nikuongezee muda wa visa? Dakika mbili tu kwenye simu."

"Mafi mushkila, hamna shida, baba, nafika kabla haijaisha." Ningekubali aiongeze, angejua kuna jambo.

Nimelifikiria sana hili. Ilitosha niseme, "Bibi, siji, nenda na dada." Angeninunia wiki nzima, kisha angekwenda. Lakini nilipenda kusubiriwa. Nilitaka kocha anihitaji huku na bibi anihitaji kule, na katika hao wawili, mmoja ndiye aliyekuwa akipoteza macho.

Tulitolewa kwenye mtoano siku chache baada ya visa yangu kuisha. Nikampigia baba nikamweleza yote, mpira, tikiti, kila kitu. Alisema tu, "Halas, yamekwisha," akaenda kuswali. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi Saudia, nayo ikawa imekwenda na maji. Dada ndiye aliyempeleka bibi hospitali. Bibi alikubali kwa hasira, akavaa baibui mwenyewe, akasema, "Haya nipelekeni, mie nishaachika."

Daktari aliwaambia wamechelewa. Jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili limebakiwa na mwanga tu, kiasi cha kujua dirisha liko wapi.

Baba hajanilaumu hata siku moja, na mimi naona heri angenilaumu. Makaratasi yangu ya kurudi bado yanazungushwa, na huku bado nacheza, bado nashangiliwa. Kila mpira ninaoudaka nauonea haya.

Ijumaa iliyopita dada alinipigia kwa video, akamshikia bibi simu mbele ya uso. Bibi alikuwa akitabasamu kuelekea dirishani.

"Mume wangu, leo nakuona vizuri," alisema. "Hii dawa mpya imenisaidia. Umenawiri, na hiyo fulana nyekundu imekukaa."

Nyekundu ndiyo rangi ya timu yetu; lazima dada alimwambia. Pembeni yake nilimwona dada akiziba mdomo kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimevaa nyeupe.

"Ahsante, bibi," nikamwambia.