Kutafuta Chini ya Ziwa

Mke wangu alizikwa wakati wa masika. Baada ya hapo karakana yangu ya kuchomelea pale Ngarenaro nilikuwa naifungua kwa sababu moja tu: nikiifunga, majirani wanakuja kuuliza kulikoni.

Asubuhi moja akaingia dada mmoja, mpimaji wa mambo ya maji, amebeba kitu cheusi mfano wa kikombe kikubwa chenye waya mrefu. Alitaka nimtengenezee mkono wa chuma wa kukishika ubavuni mwa boti, kikae ndani ya maji na kisicheze.

"Kinafanya nini?" nikamuuliza.

"Kinapiga sauti kwenda chini. Sauti ikigonga chini inarudi. Tukijua imechukua muda gani kurudi, tunajua kina."

"Mnapima wapi?"

Akalitaja ziwa. Nikaweka grenda chini.

Lile ni ziwa dogo la kreta, kwenye miteremko ya Meru, kijijini kwao na mke wangu. Pale kila mtu atakwambia kwamba halina chini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alizama humo akiwa kijana na hakuibuka. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, ameishi na wazo moja, ambalo alimwambia binti yake na binti akaniambia mimi: kama ziwa halina chini, basi mwanangu bado anashuka.

Mke wangu alilibeba jambo hilo mpaka anakufa. Nikamwambia mpimaji mkono wake utakuwa tayari, ila siku ya kupima na mimi nipande.

Nilifanya kazi ile kwa haraka ambayo sikuwa nayo tangu msiba. Nilikata bomba, nikachomelea kibano, nikapaka rangi. Hata mluzi nilipiga, kisha nikaona aibu, nikanyamaza.

Tulikuwa watatu botini: mpimaji, mimi, na mwendesha boti, mtu wa pale kijijini mwenye maneno mengi. Kwanza mpimaji aliteremsha sahani ya chuma kwa mnyororo wenye alama, ikakaa moja kwa moja chini ya kile kikombe. Alama ya mnyororo na namba ya kwenye skrini ya kompyuta yake zilipolingana, ndipo akasema twende. Mashine isiyokubaliana na mnyororo, alisema, haiaminiki.

Tukaanza kwenda na kurudi, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima na ng'ombe. Na kwenye skrini, jamani, chini kukaanza kujichora! Karibu na ukingo kulikuwa na kibaraza, halafu ghafla ukuta ukashuka. Nilimshika mpimaji bega bila kufikiri.

"Huo ni mwamba?"

"Ndiyo, fundi. Niachie bega nishike kompyuta."

Tulipofika katikati, mstari ukakatika. Skrini ikawa tupu. Namba zikarukaruka, kisha zikapotea.

"Si niliwaambia!" mwendesha boti akapiga paja. "Mmetoka mjini na kompyuta kuja kuambiwa na maji yaleyale tunayochotea ng'ombe. Halina chini hili!"

Ng'ambo, kwenye nyasi, nilikuwa nimeshamwona mama mkwe. Alisimama ametupa mgongo, kama inavyompasa mbele ya mkwewe, lakini alikuja.

Mpimaji hakubisha. Aliinama ubavuni akaangalia maji. "Mapovu," akasema. "Kuna kitu kinatikisika, kinavuta hewa. Sauti haipiti kwenye mapovu."

Nikashika mkono wa chuma. Ulikuwa unatetemeka kama mguu wa mbuzi aliyefungwa. Nilikuwa nimetumia bomba jembamba kwa kuwa ndilo lililokuwepo, na mimi kazi zangu ni mageti. Geti halisukumwi na maji.

"Ni kazi yangu," nikasema. "Bomba ni dogo."

"Kumbe ziwa lina chini, ila fundi ndiye hana bomba!" mwendesha boti akacheka mpaka boti ikayumba.

Tukaufunga mkono kwa kamba mbele na nyuma, nikagandamiza vipande vya mpira wa tairi kwenye kibano, tukapunguza mwendo. Tukarudia mstari uleule. Ukuta ukashuka, ukashuka, na mimi nikawa nimeacha kupumua. Halafu ukalala. Chini tambarare, kumenyooka kama sakafu iliyopigwa lipu, kutoka upande hadi upande.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Mwendesha boti naye akapiga wake, huyo huyo aliyesema halina chini.

"Mbona mistari ni miwili?" nikauliza.

"Huu wa juu ni tope, laini kabisa. Kikombe kinapiga sauti mbili: nyembamba inagota hapo. Sauti nzito inapenya tope mpaka kwenye udongo mgumu, ndio huu wa pili."

Tulipofika ukingoni nikashuka na kusimama mbali kidogo na mama mkwe, nikamgeuzia mgongo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaongei ana kwa ana. Miaka yote maneno yetu yalipita kwa mke wangu, na sasa hayakuwa na pa kupita.

"Shikamoo mama," mpimaji akamsalimu.

"Marahaba. Muulize huyo, chini kupo?"

"Mama, si huyu hapa karibu? Anakusikia."

"We muulize tu."

"Fundi, mama anauliza..."

"Mwambie kupo."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia."

Mwendesha boti akamwita mpimaji wakabebe betri. Tukabaki sisi wawili na migongo yetu. Mara nikasikia mama mkwe anaongea na boti.

"Wewe boti. Huko chini ni mawe?"

"Boti, mwambie mama si mawe," nikasema. "Ni tope laini, limelala sawasawa."

"Wewe boti, mlimwona?"

Ningeweza kumpa jibu la kumfurahisha.

"Hatukumwona. Mashine haionyeshi mtu. Inaonyesha chini tu."

Ng'ombe wa mtu walikuwa wanakunywa maji.

"Basi alifika," akasema. Halafu, si kwa boti: "Nichoree."

Nikageuka. Nikaokota kijiti, nikachora kwenye udongo mbichi: kibaraza, ukuta, kisha ile sehemu ndefu iliyolala, na chini yake mstari wa pili, wa udongo mgumu. Mama mkwe akakaa chini palepale, miguu ameinyoosha, akaanza kuniuliza maswali kuliko mpimaji. Sauti inajuaje njia ya kurudi? Tope hilo lina unene gani? Na mstari huu wa pili je, mbona nimeuchora umepinda?