Neno la Hakimu Nililolifasiri Vibaya

Mwenye kisa hiki ametuomba tulifiche jina lake, nasi tumelificha. Msomeni, kisha mjibuni.

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, nina mke na mtoto mmoja. Ni mkalimani katika korti ya Mzungu hapa Mombasa. Kiingereza nilijifunza forodhani nikiwa karani, na nilijiona nakijua.

Miezi mitatu iliyopita mjane mmoja, nitamwita Bi Rukia, alishtakiwa na shemejiye. Huyo shemeji alitaka atolewe katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, akidai kwamba huingiza wanaume. Hakuleta hata shahidi mmoja. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja uso, akasema, "Disgasting."

Alimkusudia yule shemeji, kwa kumvunjia heshima mke wa marehemu nduguye mbele ya watu. Hilo nililijua. Lakini neno lenyewe sikulipatia mwenzake. Si aibu tu, si chukizo tu. Ni kama mtu aliyeonja kitu kilichooza. Watu wamejaa, hakimu ananitazama, nikasema, "Bwana Hakimu asema huu ni uchafu."

Korti nzima ikamgeukia Bi Rukia.

Kesi alishinda, na nyumba akabaki nayo. Lakini kilichotoka nje ni lile neno langu. Kufika Ijumaa mji mzima wasema Mzungu kamwita mchafu. Wiki ya pili posa ya bintiye ikavunjwa.

Alikuja kwangu, akaketi na mke wangu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, yule bwana alinisema mimi?"

"La, bibi. Alimsema shemeji yako."

"Basi waambie."

Nimewaambia. Barazani, msikitini, hata kwa wazee wa yule mchumba. Mmoja akacheka, akaniuliza, "Nawe huingia kwake siku gani?" Tangu hapo hata mke wangu hunitazama kwa jicho jingine. Nikamwendea hakimu, nikamsihi aseme neno hadharani. Akanijibu kesi imekwisha, nimwite mshtakiwa mwingine.

Nikinyamaza, uongo wasimama. Nikisema, wazidi. Juzi nilimwamkia binti wa Bi Rukia njiani. Akajifunika uso, akapita.

Ulimi uliokosea ni wangu, anayeadhibiwa ni yeye. Nipeni shauri ndugu zangu, maana langu limeniishia. Nifanyeje?