Injini Niliyoipimia Moshono

Shemeji yangu, mvuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, alitaka kuwafikia wachuuzi wa samaki kabla ya wenzake. Akaniletea injini ya boti yake, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli, niiongezee nguvu za farasi. Mimi niliyezoea pikipiki niliona ni kazi ndogo.

Nilipanua tundu la kutolea moshi kwa tupa, nikachonga silinda hedi, kisha nikaifunga injini kwenye pipa la maji uani kwangu Moshono, Arusha. Nilibadilisha jeti za kabureta, zile zinazopimia injini petroli, mpaka ikanguruma vizuri na kuilowesha migomba yote.

"Mwambie kaka yako ajifunge kamba," nilimtania mke wangu, aliyekuwa akianua nguo zake.

Bwawani tuliwapita wote. Shemeji aliwapungia wenzake mkono kama mgombea ubunge. Tulipofika katikati, injini ililia kwa ukali, ikanoki na kuzima. Pistoni ilikuwa imeungua.

Kosa lilikuwa langu. Moshono tuko juu, hewa ni nyepesi, na petroli kidogo inatosha. Bwawani ni chini, hewa ni nzito, na jeti zile ziliinyima injini petroli. Nimezaliwa mlimani, na nikausahau mlima.

Wenzake wakatupita.

"Fundi, farasi wako wamebaki Arusha," shemeji alisema, akanipa kasia.

Tulifika wachuuzi wakiwa wameondoka. Wiki ile nyumbani tulikula perege mpaka mke wangu akapiga marufuku kutaja injini mezani.