Mkalimani Anayeyauliza Maneno Ukoo Wao

Saa mbili asubuhi, mkalimani Ignasi Sebastiani yuko chini ya lori. Viatu vyake vilivyong'arishwa vinachungulia kwenye vumbi la gereji ya Bwana Halfani, hapa Sumbawanga mjini, na kaptula yake ya kaki imeshapata doa la grisi.

"Hebu ruka tena, ndugu yangu!" anamwambia fundi Yunusu aliye juu ya bodi. Yunusu anaruka, springi zinainama na kuinuka. Ignasi anatoka akicheka peke yake. "Nimewaona, na baba yao nimemwona."

Mtu huyu ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka tisa alikuwa tarishi wa boma; sasa ni mwezi wa sita anafanya ukalimani kwa majaribio. Leo saa nne ana mtihani wa Kiingereza mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma. Ameshaanguka mara mbili, na akianguka tena anarudi kubeba barua.

Kosa lake anakiri bila haya: alikuwa akikariri kamusi. "Nilimeza maneno, nikaambulia kichwa kuuma."

Mkewe, Cornelia, ndiye aliyemzindua. "Nilimwambia, baba Basil, mgeni akifika hapa si tunamuuliza ni wa ukoo gani? Mbona hayo maneno ya Wazungu unayaingiza ndani bila kuyauliza?"

Tangu siku hiyo Ignasi huuliza kila neno lilikotoka. Hili la springi alielezwa na padri wa misheni ya Kaengesa kwamba Waingereza wa kale walilitumia kwa kuruka. Maji yanayoruka kutoka ardhini, yaani chemchemi, wakayaita hivyo. Majira ya baada ya baridi kali, machipukizi yanaporuka kutoka matawini, vivyo hivyo. Vyuma vya lori navyo vikafuata.

"Ndugu watatu, baba mmoja," anasema. "Ukishamjua baba, watoto hawakusumbui."

Saa nne Bwana Shauri anamtaka achague neno lolote lenye maana nyingi, alieleze. Sisi tuliomsindikiza tumejazana dirishani. Ignasi anaomba ruhusa, anavua viatu, kisha anaruka juu mpaka kidau cha wino kinatikisika.

Nakiri niliogopa. Bwana Shauri anakunja uso, anatazama miguu ile mitupu, halafu anacheka hadi anavua miwani. Ignasi anaeleza yote kwa Kiingereza, kutoka kuruka hadi lori, bila kukwama. Amefaulu!

Nje, Cornelia anapiga vigelegele na matarishi wanambeba mwenzao juu juu. Namuuliza sasa atafanya nini.

"Kesho saa tatu kuna shauri la Mama Adela, mjane," anasema, akifunga kamba za viatu. "Shamba lake la ulezi limechukuliwa, naye anajua Kifipa tu. Amesubiri mkalimani aliyethibitishwa tangu mavuno. Kesho atasema yote yaliyo moyoni mwake, nami sitaacha hata neno moja."