Mahali Anapokaa Mtu wa Ng'ombe

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoachiwa darasa la watu wazima. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alikuwa amehamishiwa Chara, na katika kijiji chetu, hatua chache juu ya kivuko cha Garsen, hakubaki mtu mwingine aliyefika darasa la sita ambaye hakuwa ameolewa wala hajakimbilia Mombasa kutafuta kazi. Basi nikabaki mimi. Wengine waliona ni bahati mbaya ya kijiji. Mimi niliona ni bahati yangu, na usiku ule sikulala kwa kupanga nitavaa nini.

Tulikutana Jumamosi alasiri kwenye kibanda cha makuti kando ya kanisa. Wengi walikuwa wakulima wa mtoni, Wapokomo kama mimi. Walikuwapo Wagiriama wawili, ndugu, waliokuja kutoka kusini kufyeka mashamba. Mama yangu alikuja pia, si kwa ajili ya kusoma, alisema, ila kuona nani atanidharau. Na alikuwapo mzee mmoja Muorma, mfugaji, aliyeketi nyuma kabisa na fimbo yake mapajani. Mimi nilimwita Abba, kama watoto wake walivyomwita, yaani baba. Yeye aliniita Mwalimu, na kila alipoliita jina hilo alicheka kidogo kwanza.

Mwaka ule habari kubwa ilikuwa moja. Kwa mara ya kwanza Waafrika wangechagua watu wao wenyewe wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi. Si kila mtu angepiga kura. Ilitakiwa uwe na elimu, au mali, au uwe umeitumikia serikali miaka mingi, na mimi kwa umri wangu hata mlangoni nisingefika. Bwana Shauri, yaani afisa wa serikali wa wilaya, angekuja Garsen kuandikisha wapiga kura, na ilisemekana angewauliza watu maswali. Maswali gani? Hakuna aliyejua. Kwa hiyo niliwafundisha kila kitu nilichokijua, na pale nilipoishiwa nilifundisha nilichokuwa nakitumaini.

Niliwaambia Gavana yuko Nairobi, na juu yake yuko Malkia, Uingereza. Nikawaambia ukanda wa pwani ni wa Sultani wa Unguja, ndiyo maana bendera yake nyekundu hupepea Mombasa na Lamu, ila serikali inayoamua ni ile ile.

"Sasa sisi wa hapa ni watu wa nani?" akauliza Mgiriama mkubwa. "Wa Malkia ama wa Sultani?"

"Tuseme wote wawili wana neno," nikasema.

"Mke wa waume wawili!" akasema mdogo wake.

"Afadhali huyo," mama akadakia, "huenda akalishwa mara mbili."

Darasa lilivunjika kwa kicheko, na mimi mwalimu nikacheka kuliko wote.

Tulipofika kwenye historia niliwasomea kitabu alichoniachia mwalimu. Kilianza na Wareno, kikaruka hadi kwenye reli. Yule mzee mfugaji akainua fimbo.

"Mwalimu, hiyo reli ilipita hapa?"

"Hapana, Abba."

"Basi hiyo si ya hapa. Wewe andika: kwanza kulikuwa na mto."

Nikageuka ubaoni nikaandika, kwanza kulikuwa na mto. Somo likaendelea kutoka hapo, kila mtu akiongeza lake: wakulima wakakaa kingoni ambako maji yakipanda na kushuka huacha tope zuri la kupanda, na wafugaji wakakaa nyikani. Kiangazi kikikaza, ng'ombe lazima wateremke mtoni wanywe. Kwa hiyo katikati ya mashamba huachwa njia, nasi huiita malka. Mkulima hapandi hapo hata kama tope lake ndilo jema kuliko yote, na mfugaji haruhusu ng'ombe wake wageuke kulia wala kushoto. Nikawaambia, mnaona? Hiyo ndiyo sheria, na baraza lililoitunga lilikuwa la wazee wenu. La Nairobi ni kama hilo, kubwa zaidi tu. Nilisema hivyo nikihisi kama nimefungua dirisha.

Yule mzee alibaki nyuma siku ile.

"Nasikia huko juu ya mto wanataka kuchimba mifereji, kulima mashamba makubwa," akaniambia. "Mtu wa Nairobi anajua ng'ombe inashuka wapi? Hajui. Lazima mtu amwambie, na huyo mtu nataka nimpeleke mimi. Mimi nimekaa mzee wa mahakama ya wenyeji miaka mingi. Nitaandikwa?"

"Utaandikwa, Abba."

Kati ya wafugaji wote wa upande wetu, sikumjua mwingine aliyetimiza masharti. Wengine hawakuwa wamesoma wala hawakuwahi kutumikia serikali, na mali yao yote ilikuwa na miguu minne, haina karatasi. Asipoandikwa yeye, mbuga nzima ingebaki bila kura. Nililijua hilo, naye alilijua zaidi yangu.

Basi nikamshindilia masomo. Alishika majina na vyeo vyote kwa kuvikariri huku akichunga. "Ng'ombe wangu sasa wanamjua Gavana," aliniambia, "ila wao hawajamkubali."

Siku ya kuandikishwa tulivuka kwa pantoni, ile ya kuvutwa kwa kamba, mama akiwa na mikungu yake ya ndizi ya kuuza Garsen. Meza ilikuwa imewekwa barazani mwa duka moja. Bwana Shauri alikuwa Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka jua, na kando yake karani Mwafrika aliyevaa tai katika joto lile. Mzee alikuwa amefua kikoi chake kikawa cheupe kama maziwa. Mimi nilisimama kando, midomo yangu ikicheza, nikimwombea akumbuke kila kitu.

Hawakumwuliza habari za Gavana wala za Malkia. Waliuliza umri. Wakauliza utumishi wake, naye akaeleza habari za mahakama, na karani akainamisha kichwa kwa heshima. Nikaanza kutabasamu. Kisha Bwana Shauri akauliza, kwa Kiswahili chake cha kupandisha na kushusha:

"Mzee, wewe nakaa wapi?"

Swali hilo sikuwahi kumfundisha. Nani angefikiri ni swali?

Mzee akajinyoosha. Kwao, mtu wa kutaja mahali pamoja ni maskini, hana mifugo, hana jamaa wa kumpokea. Mtu mwenye heshima hutaja maji yake yote. Naye akayataja, taratibu, kwa sauti ya mtu anayehesabu ukoo wake: mvua za kwanza, nyuma ya Ndera; majani yakiisha, visima vya ndani kule nyikani; halafu upande wa Witu, kwa shemeji zake, halafu mabwawa ya delta. Alitaja mengi, na kwa kila alilotaja uso wake ulizidi kung'aa, na uso wa karani ukazidi kukunjamana.

"Hana makao huyu, Bwana," karani akasema.

"Mzee," akasema Bwana Shauri, "nataka mahali pamoja. Nyumba yako iko wapi?"

"Nyumba?" Mzee akashangaa. "Nyumba inabebwa na punda."

Foleni nzima ikacheka. Bwana Shauri hakucheka. Aliweka kalamu chini, na niliona kwamba hakufurahia kuiweka. Akasema mpiga kura lazima awe mkazi wa mahali panapojulikana, sheria haikumpa nafasi nyingine. Mzee akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa lawama. Alitazama kama mtu aliyefika mlango wa nyumba yake mwenyewe akakuta umefungwa.

Nikajikuta nimefika mezani. "Bwana, huyu anakaa mtoni, ni mtu wa kwetu."

"Binti, hukuulizwa," karani akanikata.

Hapo nikasikia mkungu wa ndizi ukitua chini kwa kishindo, na sauti ya mama nyuma yangu.

"Kama hakai hapa, migomba yangu inaliwa na ng'ombe wa nani?"

Watu wakampisha. Mama akaja mpaka mbele, mikono kiunoni.

"Niambieni! Kila kiangazi, huyu na ng'ombe wake. Marehemu mume wangu aliteta naye, na baba mkwe aliteta na baba yake. Mwaka juzi walitoka kwenye malka wakaniingilia shambani, watatu!"

"Wawili!" akasema mzee.

"Watatu!"

"Wawili, mama. Yule mwingine alikuwa ndama, hana meno ya kula mgomba."

"Alikanyaga! Kukanyaga ni nini? Nikampeleka kwa wazee, Bwana, na wazee wakaamua anilipe maziwa. Na amelipa, sisemi uongo. Kila asubuhi kibuyu mlangoni, mpaka kitinda mimba wangu akaota meno yote. Sasa mtu asiyekaa mahali ataletaje maziwa kila asubuhi?"

Bwana Shauri alikuwa ameuficha mdomo kwa kiganja. Akamwuliza karani neno fulani, karani akamweleza malka ni nini, kwa Kiingereza kirefu. Kisha akamgeukia mama.

"Hiyo malka ina jina?"

"Inalo," mama akasema. "Tunaiita kwa jina la babu yake huyu. Na sisi wenyewe ndio tuliopaita hivyo, wakulima, maana aliyepafungua ni huyo babu. Tangu wakati huo hatupandi hapo. Tope lake, Bwana, ukiliona utalia."

Kalamu ikainuliwa. Karani akaulizia jina hilo mara ya pili ili asikosee, na mzee mwenyewe akalitamka, kwa sauti ndogo sasa, kama mtu anayeitikia dua. Likaandikwa kuwa ndiyo makao yake, Garsen.

Tulipotoka barazani mzee alimfuata mama ili amshukuru. Mama akamtangulia: "Usifikiri nimesahau. Walikuwa watatu." Akajitwika ndizi zake akaenda sokoni. Mimi nililia pale pale, kwa furaha.

Siku ya kura ilipofika, mzee alitoka mbali sana, alfajiri, akapiga kura yake akarudi kwa ng'ombe. Nilipomwuliza alimchagua nani, akaniambia kura ni siri, na aliyemfundisha hivyo ni mimi. Sikujua hata kama mtu wake alishinda. Nilichojua ni kwamba alipita kijijini akiimba.

Jumamosi iliyofuata nilikuta kibanda kimejaa. Nyuma, kando ya mzee, walikuwa wameketi vijana wa Kiorma sita au saba, fimbo zao zimepangwa ukutani, wananukia moshi na maziwa. Hawakutimiza masharti ya kura hata mmoja wao, kama mimi tu. Lakini mzee alikuwa amewaambia masharti hayatakaa hivyo milele, na wakati wao ukifika wasikutwe hawajui kitu. Nami nikaamini alichosema kuliko yote niliyowahi kusoma kitabuni.

Safari hii sikuanza na Gavana. Nilimwelekea kijana aliyekaa karibu nami nikamwuliza anakaa wapi. Akasimama, akajinyoosha, akaanza na mvua za kwanza.

"Taja yote," mzee akamwambia kutoka nyuma. "Halafu malka uitaje mwisho, polepole, karani apate kuandika."